Utani Nao Ulikuwa Kazi: Tukimkumbuka Baba na Babu wa Kitahana



Mwezi huu wa Novemba Kanisa latualika kuwakumbuka marehemu wetu. Wiki hii tumependa kumkumbuka mzee mmoja wa Kitahana, wilayani Kibondo, baba na babu wa wengi. Jina lake tunawaachia wanawe. Sisi tutasimulia maisha yake, kwa kuwa yanafanana na maisha ya maelfu ya wazee wa Buha. Siku ya maziko yake kila aliyesimama kusema alitamka neno lile lile: alikuwa mcheshi. Ni kweli. Lakini neno hilo likiachwa peke yake laweza kumfanya mtu aonekane kana kwamba aliyapitia maisha kwa mchezo. Hatutauelewa ucheshi wake tusipoitazama kwanza historia.

Nyanda za juu za Kibondo na Kasulu hazikukosa mvua wala mikono ya kulima. Kilichopungua wakati wa ukoloni ni mazao ya kuuza na njia ya kuyafikisha sokoni, ilhali kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilipita mbali kusini mwa Kibondo, na kwa Waha wengi ikawa njia ya kuwapeleka ugenini kuliko njia ya kuwaletea biashara. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kibondo na Kasulu zikawa miongoni mwa sehemu zilizotoa vijana wengi. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na hapo ndipo lilipotoka jina manamba.

Mzee wetu aliondoka katika miaka ya 1950, akimwacha mkewe na mtoto mchanga. Alipanda treni hadi Morogoro, kisha lori hadi Tanga. Huko alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo mtu hakumaliza sehemu aliyopimiwa haikuandikwa, hata kama alitoa jasho tangu alfajiri. Jani la mkonge lina mwiba mkali kwenye ncha, na maji yake huwasha ngozi. Kwa mikono ya vijana kama yeye nchi yetu ilivuna, mwaka 1964, zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikawa ya kwanza duniani.

Kambini walichanganyika Waha, Warundi, Wanyamwezi, Wangoni, Wamakonde na wengine, mbali na wazazi na koo zao. Nani angemuuguza mgonjwa? Nani angemchimbia kaburi mtu asiye na ndugu? Hapo utani ulifanya kazi yake. Vijana wetu wa leo wanalijua neno hilo zaidi kwa ajili ya Simba na Yanga, lakini kwa wazee ulikuwa mkataba wenye haki na wajibu. Mtani aliweza kukutukana usikasirike, aliweza kuchukua kitu chako bila kuitwa mwizi. Na siku ya msiba ndiye aliyeshughulikia maiti, akachimba kaburi, akawachekesha wafiwa. Jambo hili lilimvutia hata R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, katika milima ya Usambara, akaandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika katika miaka ya 1940.

Basi ucheshi wa mzee wetu ulikomazwa huko. Alitania wanyapara, chakula cha kambini na hata namba yake mwenyewe, aliyosema ni jina lake la pili la ubatizo. Jambo moja tu hakulitania kamwe: makaburi ya wenzake waliobaki Tanga.

Tusimtukuze kupita kiasi. Alipokuwa huko, mkewe ndiye aliyelima, aliyeuguza watoto na aliyetunza wakwe. Mzee aliporudi, mtoto wake wa kwanza alimkimbia kama mgeni. Ilimchukua miezi mingi ya michezo, vigari vya miti na hadithi za uongo mtupu kabla mwana huyo hajamwita baba. Kicheko kilikuwa njia yake ya kulipa deni la miaka aliyokuwa mbali. Je, alilimaliza? Hilo wanawe ndio wanaoweza kusema.

Mwaka 1967 Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Bei nayo ilikuwa ikishuka, kwa kuwa nyuzi za viwandani zilikuwa zimeingia sokoni. Mzee wetu hakurudi tena Tanga. Alilima maharage, mahindi na mihogo kwao. Operesheni ya vijiji ilipoanza mkoani Kigoma mwaka 1972, alibomoa nyumba yake na kujenga upya mahali alipoelekezwa. Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa nchini Burundi, wakimbizi walimiminika Kibondo. Wengi waliwatazama kwa hofu. Yeye alikuwa amelala kambi moja na Warundi ujanani. Aliwasalimu kwa makofi kama desturi ya Waha, akawatania kwa Kiha, nao wakamwelewa kwa kuwa Kirundi na Kiha ni lugha ndugu.

Wapendwa, tunaposema marehemu alikuwa mcheshi, tuulize pia alijifunza wapi kucheka, na ni nani waliomhitaji acheke. Wajukuu walirithi furaha yake bila kujua gharama yake. Waliokwenda mkonge wamebaki wachache sana, na wake zao waliosubiri nyumbani pia ni wachache. Jumapili hii, baada ya Misa, keti karibu na babu au bibi yako. Muulize alifanya kazi wapi, alilala na nani, nani alimzika nani. Kisha andika, hata kama ni katika daftari la shule. Mwombeeni mzee wetu, pamoja na wenzake waliolala Tanga bila jina.