Misheni ya Masasi

Misheni ya Masasi ni kituo cha Kanisa Anglikana katika mji wa Masasi, Mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania. Ilianzishwa mwaka 1876 kama kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani.

Historia

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa shirika la UMCA, anayejulikana pia kwa vitabu vyake vya sarufi ya Kiswahili, aliondoka Unguja pamoja na wanaume na wanawake zaidi ya 50 waliokombolewa. Wengi walikuwa wametekwa katika nchi za karibu na Ziwa Nyasa, na nia ilikuwa kuwarudisha kwao. Kutoka Lindi walisafiri kwa miguu hadi Masasi. Hapo walikuta ardhi nzuri chini ya milima ya mawe, wakaamua kukaa.

Mnamo Septemba 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, walikishambulia kijiji. Baadhi ya wakazi waliuawa na wengine kuchukuliwa mateka. Hivyo watu waliokwisha kukombolewa walitekwa mara ya pili. Mmisionari W. C. Porter aliwafuata Wangoni hadi kwao ili kuwakomboa. Mwenzake Chauncy Maples alihamishia kazi Newala, na Masasi ilikaliwa tena baadaye.

Katika Chitangali, upande wa Newala, alihudumu Cecil Majaliwa, ambaye naye alikuwa mtumwa utotoni. Mwaka 1890 alipata upadre, akiwa Mwafrika wa kwanza kuupata katika UMCA.

Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni ilichomwa moto, kama ilivyotokea kwa misheni za Wabenedikto huko Lukuledi na Nyangao. Ilijengwa tena.

Dayosisi na kanisa kuu

Dayosisi ya Masasi iliundwa mwaka 1926. Askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, anakumbukwa kwa kuanzisha jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku jando la wenyeji. Trevor Huddleston, mpinzani maarufu wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, alikuwa askofu hapa kuanzia 1960 hadi 1968.

Kanisa kuu, lililojengwa kwa mawe, limewekwa chini ya majina ya Mtakatifu Maria na Mtakatifu Bartholomayo. Lipo Mtandi, chini ya mlima wenye jina hilo.