Ruzuku Ina Majina Yake

Juzi nilikuwa stendi ya Korogwe nikingoja gari la Handeni. Mzee mmoja akaniuliza: "Mwanangu, nyie watu wa redio kila siku mnatangaza ruzuku. Zahanati yetu imejengwa kwa ruzuku hiyo hiyo, mbona mlango una kufuli?"

Swali hilo lina historia. Julai 1972, ulipoanza mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa. Sheria za kuzirudisha zilipitishwa mwaka 1982, nazo zikaanza kazi 1984. Zilirudi zikiwa na mzigo mkubwa kuliko mfuko wao: shule za msingi, zahanati, maji, barabara za vijijini. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Sisi tuliowahi kuwakimbia mgambo tulishangilia, lakini halmashauri zilizidi kuitegemea Hazina, hata Serikali ikatoa ruzuku ya kufidia pengo hilo.

Basi ruzuku si fungu moja. Ipo ya mishahara; hiyo humlipa mwalimu na muuguzi. Ipo ya matumizi mengineyo, kama mafuta ya gari na karatasi. Mwaka 2004 ulianza utaratibu wa kugawa ruzuku ya afya kwa kuangalia idadi ya watu, umaskini, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano na umbali wa huduma. Tena ipo ya maendeleo, ya kujengea. Katika mfumo ulioanza mwaka wa fedha 2004/05, hii ilikuja na masharti: hesabu ziwe safi, mipango iwepo, na halmashauri ichangie sehemu yake. Iliyoshindwa masharti iliambulia ruzuku ya kujengewa uwezo tu.

Wala tusichanganye ruzuku na mkopo. Bomba kuu la maji la Handeni, HTM, lilijengwa miaka ya 1970 kuleta maji ya Mto Pangani kutoka Korogwe, na baadaye likachakaa. Kulijenga upya kumeingizwa katika mradi wa miji 28 kwa mkopo wa India. Ruzuku hairudishwi; mkopo wajukuu zetu wataulipa.

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Kuta za zahanati zilijengwa kwa fungu la maendeleo, na fungu hilo halimlipi muuguzi. Muuguzi anahitaji kibali cha ajira na nafasi katika bajeti ya mishahara, na hayo huombwa mapema, kabla bati la mwisho halijapigwa msumari. Asipoombwa, jengo hukamilika, likazinduliwa, kisha likafungwa, na mama mjamzito akaendelea kupakiwa kwenye bodaboda usiku.

Mzee, gari lako liliondoka kabla sijamaliza kukujibu. Kama unanisikia, kwenye mkutano mkuu wa kijiji usiishie kuuliza fedha zimekwenda wapi. Uliza pia: muuguzi aliombwa na nani, na lini?