Santuri ya Kwanza ya Paradise Lost
Viwanda vya sufu vilivyoulisha mji wa Halifax, katika Yorkshire ya Uingereza, vilikuwa vimekwisha kufifia vijana watano walipounda bendi yao mwaka 1988. Jina walilitwaa kwa Milton, mshairi aliyetoa utenzi wa Paradise Lost mwaka 1667. Santuri yao ya kwanza, ya mwaka 1990, wakaiita Lost Paradise, maneno yale yale yamepinduliwa.

Zama zile wapigaji wa dethi metali walishindana mbio, na aliye mwepesi zaidi ndiye aliyesifiwa. Vijana hawa walikwenda kinyume. Walishika ile sauti ya koo ingurumayo, lakini mwendo waliukopa kwa Black Sabbath wa Birmingham, ambao santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1970: magitaa mazito, polepole, kama watu wachukuao jeneza. Hapo ndipo ilipo thamani ya kazi hii, wala si katika ufundi, kwani ufundi wake ni haba. Nyimbo zafanana mno, na sauti ya Nick Holmes haibadiliki sana tangu mwanzo hata mwisho. Lakini gitaa la Gregor Mackintosh, kila lipatapo nafasi, huomboleza peke yake juu ya kishindo. Na maombolezo hayo ndiyo yaliyokuja kutawala santuri ya pili, Gothic, ya mwaka 1991.

My Dying Bride wa Bradford, mwaka 1992, na Anathema wa Liverpool, mwaka 1993, walitoa santuri zao za kwanza kwa mwendo huo huo wa matanga, na kwa kampuni ile ile ndogo, Peaceville.