Nyumba ya Vyumba Sita

Anayenunua nyumba ndogo ya zamani Ilala au Magomeni, Dar es Salaam, huambiwa amenunua kiwanja tu, kwani kuta ni za kubomoa. Historia inaipinga hesabu hiyo. Nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba vitatu kila upande wa ukumbi, baraza mbele, jiko na choo uani, ilimfaa mtu wa kipato kidogo kwa sababu ilijilipia. Mwenye nyumba alikaa na familia yake katika vyumba viwili au vitatu, vingine akapangisha. Aliweza kuanza na kuta za miti na udongo, kisha kodi ikamsaidia kununua bati na saruji. Hata sheria ya mwaka 1971, iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, iliziacha nyingi za nyumba hizi mikononi mwa wenyewe.

Wapo wanaosema kwamba familia kadhaa kutumia choo kimoja si maisha ya kutamanika. Ni kweli kabisa, ila kosa hilo ni la maji na mifereji ya taka isiyotosha. Ramani ya nyumba haina hatia. Wengine husema ghorofa hubeba watu wengi zaidi. Kariakoo ghorofa zimejaa, lakini sehemu kubwa ya nafasi yake ni maduka na stoo, na mpangaji wa chumba kimoja amesukumwa Mbagala na Gongo la Mboto, mbali na riziki yake.