Kitunguu cha Kukaanga Kilichopindua Fundisho

Mwaka 1936, mjini Szeged, Hungaria, Albert Szent-Györgyi na daktari mwenzake István Rusznyák walitangaza vitamini mpya. Wagonjwa waliokuwa wakivuja damu kwenye mishipa midogo walipata nafuu kwa dondoo ya pilipili hoho au limau, ilhali vitamini C tupu haikuwafaa. Wakaiita vitamini P. Kumbe zilikuwa flavonoidi, jamii ya fenoli ambazo mimea hujitengenezea kwenye maganda, majani na matunda.

Jina halikudumu. Haikuthibitika kwamba mwili ukizikosa huugua, na mwaka 1950 likaachwa.

Swali zito zaidi lilibaki: je, fenoli hizi hupenya ukuta wa utumbo na kufika kwenye damu? Kwa miongo kadhaa jibu lilikuwa la kukatisha tamaa. Ndani ya mmea flavonoidi nyingi huwa zimeshikana na sukari, na iliaminika kwamba sukari hiyo ndiyo kizuizi, mpaka zifike utumbo mpana na bakteria wa huko waing'oe. Mwaka 1975 watu walimezeshwa gramu 4 za kwersetini, flavonoidi iliyojaa kwenye vitunguu. Damu yao ilipopimwa, haikuonekana. Lakini kwersetini ile ilikuwa tupu, bila sukari, tofauti na ile anayoila mtu kwenye mboga.

Peter Hollman na wenzake wa Wageningen, Uholanzi, ndio waliorudi kwenye chakula chenyewe. Waliwatumia watu 9 wenye afya ambao walikwisha kuondolewa utumbo mpana, na mabaki ya chakula kutoka utumbo mwembamba wao huingia kwenye mfuko ulio nje ya tumbo. Bakteria wa utumbo mpana hawakuwapo tena kuingilia hesabu: kilicholiwa, toa kilichotoka. Matokeo ya 1995 yalistaajabisha. Kwersetini ya vitunguu vya kukaanga, iliyobeba glukosi, ilifyonzwa kwa asilimia 52. Ile tupu asilimia 24. Na rutini, inayobeba sukari ya aina nyingine, asilimia 17. Kilichodhaniwa kizuizi kilikuwa msaada! Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba kwersetini ya kitunguu hufikia kilele katika damu kabla ya saa moja kwisha, na ya rutini baada ya saa 9 hivi, kwa kuwa hiyo kweli husubiri bakteria.

Glukosi husaidiaje? Mwaka 2000 Andrea Day na wenzake walichukua kimeng'enya cha laktasi kutoka utumbo mwembamba wa kondoo, kilekile kinachovunja sukari ya maziwa, wakaona kinakata pia glukosi ya flavonoidi. Laktasi hukaa juu ya seli za ukuta wa utumbo. Ikishakata, kwersetini huachwa kando kabisa ya utando wa seli, na kwa kuwa hupendana na mafuta ya utando huo, hujipenyeza.

Haitoki upande wa pili kama ilivyoingia. Seli za utumbo, kisha ini, huibandika asidi ya glukuroniki, salfeti au methili, na hizo ndizo sura zake karibu zote zinazozunguka katika damu. Ugunduzi huo ulitikisa maabara nyingi zilizokuwa zimemwagia seli kwersetini tupu na kuisifu kwa uwezo mkubwa. Ilibidi watafiti watengeneze sura hizo zilizobadilishwa na kurudia majaribio, kwa viwango vidogo vinavyopatikana kweli katika damu ya mlaji.