Merikebu Alabama na Baraza la Geneva

Mtu akimdhulumu jirani yake hupelekwa barazani. Lakini taifa likilidhulumu taifa jingine, ni nani atakayelihukumu, maana juu ya mataifa hapana sultani? Mholanzi Hugo Grotius aliandika kitabu kikubwa mwaka 1625, akaonyesha kwamba hata vita vina sheria yake. Walakini kitabu hakina askari. Leo twataka kusimulia jinsi mataifa mawili yenye nguvu yalivyokubali kuhukumiwa, kabla ya mahakama ya The Hague kuanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1899.

Mwaka 1861 Wamarekani walianza kupigana wao kwa wao, majimbo ya Kusini yakitaka kujitenga. Uingereza ilitangaza kwamba haina upande. Hata hivyo watu wa Kusini waliagiza merikebu iundwe Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Balozi wa Marekani mjini London, Charles Francis Adams, alionya kuwa ni merikebu ya vita. Karatasi za ushahidi zikapelekwa kwa mwanasheria wa Malkia. Kumbe mwanasheria yule alikuwa amepatwa na wazimu, nazo zikalala kwake siku kadhaa. Tarehe 29 Julai 1862 merikebu iling'oa nanga, imechukua wageni kana kwamba yaenda matembezi. Wageni wakateremshwa katika chombo kingine, nayo haikurudi tena. Ilitiwa mizinga katika visiwa vya Azores, ikaitwa Alabama. Ilikamata merikebu zipatazo 65, nyingi zikachomwa moto, hata ikazamishwa mbele ya Cherbourg, Ufaransa, tarehe 19 Juni 1864.

Vita vilipokwisha, Wamarekani walidai fidia. Hasira ilikuwa kali. Wengine walitaka hata Kanada iwe malipo. Sisi twajua ugomvi mdogo kuliko huo uliomwaga damu. Lakini kwa mkataba wa Washington wa mwaka 1871 walikubaliana kuweka waamuzi watano: Mmarekani (ndiye Adams yule yule), Mwingereza, Mwitalia, Mswisi na Mbrazili. Tena waliandika kwanza kanuni ya kuamulia: serikali isiyo na upande yapaswa kujitahidi kuzuia merikebu za vita zisiandaliwe katika bandari zake ili kupigana na taifa ambalo ina amani nalo. Uingereza ilisema kwamba kanuni hiyo haikuwa sheria mwaka 1862, lakini ikakubali ihukumiwe kwayo. Jambo hili, kwa maoni yetu, ni kubwa kuliko fedha zenyewe.

Baraza liliketi Geneva, Uswisi. Tarehe 14 Septemba 1872 hukumu ilitolewa: Uingereza ilipe dola 15,500,000 za dhahabu, kwa ajili ya Alabama na wenzake. Mwamuzi wa Kiingereza, Sir Alexander Cockburn, alikataa kutia sahihi. Serikali yake, yenye manowari nyingi kuliko taifa lolote la wakati ule, ililipa fedha zote mwaka 1873.