Hatifungani Hatarishi: Maana, Historia na Tafsiri ya Istilahi

Hatifungani hatarishi ni hati ya deni inayotolewa na kampuni au serikali ambayo uwezo wake wa kulipa umepimwa na kuwekwa chini ya kiwango cha usalama. Kwa sababu hiyo humlipa mkopeshaji riba kubwa kuliko hati za kawaida. Istilahi hii ina maneno mawili, na kila moja lina maelezo yake.

Hatifungani imeundwa kwa neno hati na kitenzi funga: ni hati inayomfunga mkopaji. Anayeinunua huwa amemkopesha aliyeitoa. Hulipwa riba kwa vipindi vilivyopangwa, na mtaji wake hurejeshwa siku hati inapoiva. Kuiva ni neno la shambani lililohamia benki na sokoni, na limehamia vizuri, kwa kuwa hati nayo ina msimu wake wa kusubiriwa.

Hatarishi inatokana na vipimo. Mashirika kama Moody's na Standard & Poor's huwapanga wakopaji kwa herufi. Ngazi ya mwisho ya usalama kwa Moody's ni Baa3, na kwa Standard & Poor's ni BBB-. Hati zilizo chini ya hapo ndizo zinazozungumziwa. Wamarekani walizipa jina la mitaani lenye maana ya takataka, na mfasiri anayelifuata neno kwa neno hupata hatifungani taka au hatifungani chakavu.

Wilayani Kyela, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, hesabu iliyomo ndani ya hati hizi inajulikana kwa njia nyingine. Biashara iitwayo njuluku humpa mkulima fedha wakati kakao yake ikiwa bado mtini, naye hulipa kwa mazao baadaye, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya msimu. Mtoa fedha hueleza kuwa anabeba hatari: kakao inaweza kuugua, na mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inaweza kufurika wakati wa masika. Punguzo la bei ndiyo malipo ya hatari hiyo. Hatifungani hatarishi hufuata kanuni hiyo hiyo, kwamba shaka ya kulipwa huongeza malipo. Tofauti iko katika uwazi. Njuluku hufanyika kwa siri, mkulima akiwa hana wa kumlinganishia bei, na viongozi wa serikali wameikataza. Hatifungani huuzwa hadharani, ikiwa na waraka wa maelezo, na mnunuzi anaweza kumuuzia mwingine. Upande wa pili wa mizani iko stakabadhi ya ghala, inayotumika katika minada ya kakao ya Kyela: thamani yake inasimama juu ya magunia yaliyokwisha kupimwa, wakati hatifungani hatarishi inasimama juu ya mapato yanayotarajiwa.

Soko la hati hizi lilikua Marekani. Kabla ya mwaka 1977, nyingi zilikuwa hati za kampuni zilizowahi kuwa imara kisha zikashuka daraja. Utafiti wa W. Braddock Hickman uliochapishwa mwaka 1958 ulikuwa umeonyesha kuwa mwekezaji aliyeshika hati nyingi za aina hii kwa pamoja alifidiwa hasara na riba kubwa aliyopata. Michael Milken wa kampuni ya Drexel Burnham Lambert aliijenga biashara yake juu ya hoja hiyo. Kuanzia mwaka 1977 kampuni ndogo na changa, ambazo benki ziliziogopa, zilianza kutoa hati za daraja la chini tangu mwanzo. Soko lililokuwa na takriban dola bilioni 10 mwishoni mwa miaka ya 1970 lilifikia karibu dola bilioni 200 mwaka 1989.

Katikati ya miaka ya 1980 fedha hizo zilielekezwa kwenye utwaaji, yaani kununua hisa za kampuni hadi kuidhibiti, wakati mwingine kinyume cha matakwa ya viongozi wake. Utwaaji wa aina hii mara nyingi ulikuwa ununuzi kwa mkopo, unaoeleweka kwa mfano wa mashine ya kukoboa mpunga. Tuseme mashine inauzwa shilingi milioni 100, na mnunuzi ana milioni 10. Anakopa milioni 90 kwa riba ya asilimia 15, deni hilo likibebwa na mashine yenyewe. Riba peke yake ni milioni 13.5 kwa mwaka. Mwaka wa mavuno mema mashine inaingiza milioni 20, na mnunuzi anafaidi kwa mtaji mdogo. Mwaka wa mafuriko inaingiza milioni 8. Hapo mafundi wanapunguzwa, vipuri havinunuliwi, na mwisho mashine inauzwa. Kwa njia ya namna hii Ronald Perelman aliitwaa Revlon mwaka 1985, na kampuni ya KKR ikakamilisha ununuzi wa RJR Nabisco mwaka 1989 kwa takriban dola bilioni 25.

Anguko lilikuja haraka. Mwezi Machi 1989 Milken alishtakiwa kwa makosa 98. Mwezi Agosti mwaka huo sheria mpya iliziamuru taasisi za akiba na mikopo kuziuza hati hizi, na wanunuzi wakageuka wauzaji. Drexel ilifilisika tarehe 13 Februari 1990, na mwezi Aprili Milken alikiri makosa sita. Alihukumiwa kifungo cha miaka 10 na kutumikia chini ya miaka miwili. Soko lenyewe halikufa. Lilianza kupata nafuu mwaka 1991, na hati hizi zinauzwa mpaka leo.

Afrika Mashariki mkopaji mkubwa wa namna hii ni serikali. Mwaka 2014 Kenya ilikopa katika soko la kimataifa, na hati zake za miaka 10 zilikuwa na riba ya asilimia 6.875. Zilipokaribia kuiva, mwezi Februari 2024, ilitoa hati mpya za dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kulipa sehemu ya deni la zamani. Tanzania ilipandishwa na Moody's hadi B1 mwezi Machi 2024, ngazi nne chini ya Baa3.

Hapo ndipo tafsiri inapokuwa na uzito. Taka hutupwa kwa sababu haina thamani, na kitu chakavu kimekwisha kutumika. Hati hizi zina thamani, na nyingi hulipwa hadi senti ya mwisho. Kuiita ahadi ya nchi takataka ni kosa la maana, na pia ni dharau kwa wananchi wanaoilipa kwa kodi zao. Hatari hupimwa, huwekewa bei na hubebwa na anayeijua. Kwa hiyo neno linalofaa kamusi na vitabu vya shule ni hatifungani hatarishi, na anayeuziwa hati hiyo anastahili kuelezwa hatari hiyo kabla ya kutajiwa riba.